Barua ya Mzee Gidioni

Mzee Eliona alifariki siku ya Alhamisi, siku ya zamu yake ya maji. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amefungua mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka msituni, akaketi ukingoni apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Maji hayakuambiwa. Yaliendelea kuingia kwenye migomba yake kutwa nzima na siku iliyofuata. Majirani wa chini, ambao siku nyingine hugombea hata dakika tano, walivumilia kwa heshima ya msiba mpaka Jumamosi, ndipo wakatuma mtu aulize kwa upole kama katika kulia kwao wafiwa wangepata nafasi ya kufunga maji.

Aliyekwenda kufunga ni Loveness, binti wa mwisho.

Loveness alikuwa na shahada ya fizikia. Jambo hilo halikujulikana pale Marangu, kwa sababu baba yake alikwisha kuwatangazia watu kwamba binti yake ni injinia. Alilisema kanisani, akalisema harusini, akalirudia kwenye pombe ya mbege, na hakuna aliyemsahihisha, Loveness akiwa wa kwanza kunyamaza. Heshima aliyoipata ilikuwa kubwa. Kipaza sauti cha kwaya kikifa, kililetwa kwake. Mashine ya kumenya kahawa ikigoma, aliitwa yeye. Angeweza kueleza vizuri kabisa jinsi sauti inavyosafiri hewani, lakini watu walitaka isafiri kwenye kile kipaza sauti, na aliposema hajui, walisema wasomi wana maringo.

Hata siku ya mazishi, wasifu wa marehemu uliposomwa, ilitajwa kwamba ameacha mjane na watoto wanne, mmoja wao injinia. Hapo ndipo Loveness alipolia kuliko wakati wowote.

Basi ikabaki njia moja ya kumtoa baba yake kwenye uongo, nayo ni kuwa injinia kweli. Maombi ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji alikuwa ameshayaanza, na zilibaki siku kumi na moja yafungwe. Chuo, kwa huruma zake, kilipokea pia watu wa fizikia, mradi wathibitishe kwamba wamewahi kushika kitu kwa mikono. Ilitakiwa barua ya mtu aliyemsimamia mwombaji katika kazi ya vitendo. Mtu huyo alikuwapo na alishakubali kuiandika. Sasa alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya udongo ambao haujakauka.

"Mwone Gidioni," mama yake, Mektrida, alimwambia. "Si ndiye katibu wa mfongo? Na kuandika anajua."

Kuandika mzee Gidioni alijua. Kwa miaka ishirini wasifu wa kila aliyezikwa upande ule wa mlima umetoka kwenye kalamu yake, na wapo wagonjwa waliojikaza wapone kwa kuwa hawakuwa tayari kusifiwa naye. Loveness alimwamkia, akamweleza shida yake, akamwambia pia kwamba kwa masharti ya chuo yeye mwombaji haruhusiwi kuiona barua. Mzee akajibu kwamba hilo halina taabu, maana watu anaowaandikia huwa hawasomi.

Kesho yake alivaa koti la Jumapili akashuka Moshi mjini, kwenye duka la kuchapa la kijana Jesse, anakochapishiwa siku zote. Jesse hakuuliza maswali. Alifungua karatasi ileile ya siku zote, akachapa, akaweka picha ya Loveness ndani ya fremu ya maua kama anavyowawekea wateja wote wa mzee Gidioni, akaituma chuoni.

Wiki mbili baadaye simu ya Loveness ikaita. Alikuwa dada mmoja wa ofisi ya udahili, akajitambulisha kwa jina la Raya, sauti yake ya chini na ya adabu.

"Poleni sana na msiba. Naongea na ndugu wa marehemu Loveness?"

"Ni mimi."

"Ndugu yake?"

"Loveness."

Upande wa Raya zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Marehemu mwenyewe?"

Ilibidi asomewe barua, mwanzo na mwisho. Barua ilianza na kuzaliwa kwake, ikaenda kwenye ubatizo na kipaimara, ikapita kwenye malaria aliyougua darasa la nne, ikasema alikuwa mcheshi, mpenda watu, na kwamba pengo lake halitazibika. Faili lilikuwa limeshafungwa. Kulifungua upya kulihitaji barua ya serikali ya kijiji kuthibitisha kwamba mwombaji yu hai, na mtendaji alimzungusha siku tatu, akisema kwa mtu aliye hai ofisi haina fomu.

Loveness alikwenda kulalamika. Mzee Gidioni hakuonyesha kujuta.

"Mwanangu," alisema, "nimeandika watu zaidi ya mia mbili. Wewe ndiye wa kwanza kurudi."

Mara baada ya faili kufunguliwa, mhadhiri mmoja alimpigia simu ya video kumsaili. Hakuuliza habari za alama zake. Alikuwa ameishika ile barua, maua na yote, kidole kwenye aya ya nne.

"Hii habari ya mpira ni ya kweli?"

Loveness hakujua kwamba mzee Gidioni ameiandika. Ikabidi aeleze. Mwaka aliohitimu, kamati ilitaka kuchimba tawi jipya la mfongo, naye akapiga hesabu za mteremko kwenye daftari, kurasa sita. Baba yake alizitazama kwa heshima, kisha akaleta mpira wa maji mweupe unaoonyesha ndani, akaujaza, akampa ncha moja, ncha nyingine akashika yeye, wakapita kigingi kwa kigingi wakilinganisha usawa wa maji. Hesabu zake zilikuwa zimekosea kwa kiganja kizima. Zingefuatwa, maji yangepanda mlima.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mama, haya maji hayajasoma fizikia yako.' Tukachimba kwa mpira. Mpaka leo yanapita."

Mhadhiri aliandika kitu. Akamuuliza kama msimamizi huyo angeweza kupatikana kwa simu.

"Hapana," Loveness alisema. "Huyo ndiye marehemu."

Amekubaliwa, ila kwa masharti. Muhula wa kwanza atasoma masomo mawili pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili, wadogo zake kwa miaka sita, ili ajue wanachojua wao. Kijijini hawajaambiwa kwamba anakwenda kusomea uinjinia, maana wangeuliza ule wa kwanza umepotelea wapi.

Anaondoka mwezi wa kumi. Mpira atauacha umening'inia jikoni, na zamu ya Alhamisi sasa anafungua mama yake saa kumi na mbili asubuhi, na kufunga saa sita mchana.