Vidole vya Dada

Jumamosi saa nane mchana, Profesa alisimamisha stendi ukumbini, akaweka kinanda juu yake, akachomeka nyaya na kumuuliza mtu wa spika kama yuko tayari. Hakuwahi kufundisha chuo chochote. Jina hilo alipewa na washereheshaji kwa jinsi anavyopiga. Alishusha sauti ya vidole vyake mwenyewe hadi sifuri, akachagua wimbo namba moja kwenye memori, akabonyeza kitufe. Maharusi wakaingia. Profesa akapeleka mikono huku na huku juu ya kinanda, macho kayafumba.

Wakati huohuo, mitaa mitatu kutoka hapo, dada yake aliacha kusuka. Vidole vyake kumi vilianza kupiga wimbo namba moja juu ya kichwa cha mteja.

Wimbo ulipokwisha mteja aliomba atazamiwe mstari wa kushoto, maana umepinda.

Sasa tuseme kweli. Kinanda cha Profesa, kama vingine vya aina yake, kina mtambo wa kunasa ndani: unapiga ngoma kwanza, unarudi kuweka besi juu yake, kisha mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Siku ya shughuli unabonyeza tu, wimbo mzima unatoka. Si dhambi hiyo, wapigaji wengi hufanya hivyo na nyimbo walizonasa wenyewe. Ila zile arobaini za Profesa alizinasa dada yake, miaka sita iliyopita, wiki mbili kajifungia chumba cha nyuma, kwa sababu mdogo wake alimwambia, "Niwekee mfano tu, dada, nitajifunzia humo." Hakujifunza. Watu walipouliza nani kazirekodi, alisema ni yeye.

Na kila alipobonyeza, dada alipiga upya. Zamani alikuwa nyumbani na watoto, basi vidole vilipiga mezani, au mgongoni mwa mtoto, na mtoto akalala. Hakuona sababu ya kumsumbua mdogo wake. Mwaka huu ndipo alipopata kiti saluni, na Jumamosi ni siku ya saluni kama ilivyo ya harusi.

Mwenye saluni ndiye aliyepiga simu. "Wewe ndiye Profesa? Ile ya kukata keki punguza spidi, wateja wangu wanaumwa vichwa." Kisha akaongeza, bila ukali, kwamba ikitokea tena Jumamosi ijayo, kiti atampa mtu mwingine.

Simu ilikatwa, Profesa bado ameishikilia sikioni. Aibu ilimpanda kutoka kifuani hadi masikio yakawa ya moto. Hakujiuliza jambo hilo linawezekanaje. Alijiuliza nani mwingine anajua.

Jumatano alikwenda kwa dada yake, akamwambia atazifuta zote na kuzinasa upya kwa mkono wake. Dada alifurahi mpaka akainuka kumchemshia chai. "Anza na ya kuingilia maharusi," alisema. "Na mkono wa kushoto usiukimbize, mdogo wangu. Uache utembee."

Alijaribu. Haki ya Mungu alijaribu, siku mbili nzima, mlango umefungwa. Mkono wa kushoto ulichechemea, besi ikachelewa, na alipousikiliza wimbo ulivyotoka alitamani ardhi ipasuke. Ijumaa jioni alichagua wimbo namba moja wa dada, na kinanda kikamuuliza kwenye kioo: Futa? Ndiyo au hapana. Alikaa mbele ya swali hilo mpaka kioo kikajizima chenyewe. Harusi ya kesho ilikuwa ya watu mia nne, na walishaambiwa kwamba Profesa anakuja.

Kesho yake alibonyeza. Zilipigwa nyimbo kumi na tano. Ile ya kukata keki watu waliomba irudiwe, akairudia, wakaomba tena, akairudia tena. Safari hii alifumba macho kwa sababu hakuweza kumtazama mtu usoni.

Jumapili alikwenda kwa dada yake tayari kwa matusi. Alimkuta kaloweka mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Kiti kimeshapata msusi mwingine, dada alimweleza. Yeye ataosha taulo, maana taulo halina kichwa cha kuuma.

"Nisamehe, dada."

"Kaa kwanza. Ile ya kukata keki," dada alisema, "pale kabla ya kiitikio cha mwisho. Siku ninainasa nilikosea, na lile kosa limenikera miaka yote sita. Jana uliporudia mara ya pili nikalipatia. Limekaa sawa kabisa. Ulisikia?"

Hakusikia chochote. Alikuwa akisikiliza makofi.

"Nilisikia," alisema Profesa.

Dada yake alitabasamu kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu utotoni, akamuuliza Jumamosi anaanza saa ngapi.

"Saa nane," alisema.