Miaka Miwili Kwenye Kampuni

Waya alikuwa fundi redio kabla hajawa na lebo yake ya muziki, na hata alipokuwa nayo watu waliendelea kumletea redio mbovu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la mapazia. Kuta alizifunika kwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na mlangoni aliandika kwa chaki: TUNAREKODI, USIBISHE. Mvua ikinyesha kazi ilisimama, maana bati lile halikuwa na adabu.

Humo ndimo Kasuku na dada yake walimorekodi wimbo wao wa kwanza. Kasuku lilikuwa jina la utani. Tangu utotoni alikuwa akiiga sauti ya kila mtu, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlango wa jirani unaolia. Dada yake alikuwa mshonaji, amemzidi miaka sita, mwenye sauti nzito iliyokaa chini ya sauti ya mdogo wake kama bitana ndani ya koti. Wimbo ulikuwa wa dakika saba, juu ya mama yao, dobi, na nguo nzuri za watu zilizopita mikononi mwake maisha yake yote. Mkataba wao na Waya ulikuwa ukurasa mmoja: wimbo ni wenu, mimi nauuza kwa miaka mitano, kinachopatikana tunagawana nusu kwa nusu. Wakasaini katikati ya redio mbili zilizofumuliwa, na Waya akatoa diski mia tatu.

Moja ya diski hizo ikafika, sijui kwa njia gani, mikononi mwa meneja wa kampuni kubwa ya muziki, ile yenye jengo lake na lifti inayokukaribisha kwa sauti. Meneja akampigia simu Kasuku. Kasuku peke yake.

"Wanataka sauti moja," Kasuku alimwambia dada yake bila kumtazama usoni.

Mshonaji alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akautia kwanza, ndipo akajibu. "Basi nenda na sauti moja. Mimi nina sare sitini za shule za kumaliza."

"Hujakasirika?"

"Nimekasirika. Lakini nenda. Ukibaki kwa ajili yangu utaninunia mpaka uzeeni, na wewe ukinuna nyumba nzima haili."

Waya naye alipoambiwa alikuna kichwa. "Mkataba wao una kurasa ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Umezisoma?"

"Nimesoma ya kwanza na ya mwisho."

Akacheka, akaomba karatasi. Walikaa nazo mchana kutwa, mstari kwa mstari, yeye akiweka alama kwa penseli. Kila atakachorekodi kitakuwa mali ya kampuni. Kwa miaka miwili hataimba kwingine. Nyimbo watachagua wao.

"Sikukatazi," Waya alisema. "Nataka tu uingie macho wazi. Wana vitu ambavyo mimi sina. Mimi nikitaka redio icheze wimbo wako, lazima kwanza niitengeneze hiyo redio."

Kasuku akapiga moyo konde, akasaini.

Si kweli, kama wengine walivyopenda kusema baadaye, kwamba kule walimtesa. Gari lilimfuata kila asubuhi. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimya hivi kwamba alisikia tumbo lake likinguruma, na mashine nazo zikalisikia. Kulikuwa na mtu wa nywele, mtu wa nguo, na mtu wa kumfundisha jinsi ya kuwajibu waandishi wa habari. Mtayarishaji wa muziki, mwanamume mpole aliyependa kutembea peku studio, alimsikiliza kwa makini kama daktari.

Wimbo wa mama waliukubali kwa mdomo tu. "Ni mzuri," meneja alisema, "ila redio haina dakika saba za kumpa mtu." Wakampa mwingine, uliotungwa na watu watatu ambao hakuwahi kuwaona, juu ya mpenzi asiyepokea simu. Wakampa na jina jipya la kumeremeta, ambalo mwenyewe alilisahau mara mbili akihojiwa.

Aliuimba mara thelathini na moja. Kesho yake mtayarishaji akamwita asikilize. Kasuku alikuwa na mkwaruzo mdogo kooni, uliojitokeza kila alipopandisha sauti, kama mtu anayetaka kulia akabadili nia. Kwenye spika haukuwepo.

"Umekwenda wapi?"

"Nini?"

"Ule mkwaruzo wangu."

"Kompyuta imeunyoosha." Mtayarishaji akapunguza sauti ya spika. "Ingekuwa juu yangu ningeuacha. Lakini wimbo huu unapita kwa watu watano kabla haujatoka, na kila mmoja anataka aonekane amefanya kazi."

Wimbo ukatoka, ukashika. Ulilia kwa vinyozi, ukalia stendi, ukalia madukani. Nyumbani Kasuku hakusema neno. Alitaka mama aukute mwenyewe, afurahi. Jumamosi moja asubuhi mama alikuwa anafua, redio ikiwa dirishani, na wimbo ukaanza. Kasuku akasimama mlangoni, roho juu. Mama aliusikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kufuata mdundo.

"Anaimba vizuri huyu mtoto wa watu," alisema. "Njoo ushike huku tukamue shuka."

Kasuku akashika. Wakakamua, mmoja akipinda kushoto, mwingine kulia, maji yakawachuruzikia miguuni.

"Mama, huyo ni mimi."

Mama akacheka, akidhani ni yale maigizo yake. Kisha akauona uso wa mwanawe, akaacha kukamua. "Nilikuwa na povu masikioni, mwanangu," alisema taratibu. Kasuku akatabasamu, akaanika shuka, akakaa nyuma yake muda mrefu kuliko shuka ilivyohitaji.

Hakugombana na mtu. Alimaliza miaka yake miwili. Alirekodi nyimbo tisa. Mbili zilitoka, saba zilibaki kabatini kwa sababu wale watu watano hawakukubaliana. Mojawapo ya hizo saba alikuwa ameitunga mwenyewe. Siku ya kuaga alimwomba meneja amrudishie.

"Ni mali ya kampuni, dada yangu," meneja alisema, na alionekana kuhuzunika kweli. "Hata mimi siwezi kuitoa."

Aliporudi nyuma ya duka la mapazia, akiwa na dada yake, Waya aliwafungulia mlango. Alisogeza redio mbovu, akawasha mashine. Walirekodi wimbo mpya kwa siku mbili. Katikati ya ubeti wa pili mwenye duka akakohoa, kikohozi kikaingia kwenye wimbo.

"Turudie?" Waya akauliza.

"Mwache akohoe," mshonaji alisema. "Tunatumia umeme wake."

Wakacheka mpaka ikabidi warudie kwa sababu ya kicheko.

Diski mia tatu za wimbo huo ziliisha kwa miezi minane, wakatoa nyingine mia mbili. Mitaani watu waliacha kumgeukia Kasuku. Wimbo wa simu bado unalia kwa kinyozi, naye akipita hazibi masikio, aliutolea jasho. Meneja alipiga mara moja, akamtaka arudi. Kasuku akamjibu kwamba atakuja na dada yake, na mkataba uwe ukurasa mmoja. Meneja akasema ataulizia kwa wakubwa. Mpaka leo anaulizia.

Wiki iliyopita ilifika barua kutoka mji wa mbali. Muuguzi mmoja alikuwa amenunua diski yao, na ubeti wa tatu ulimpiga chenga, hasikii maneno vizuri. Kasuku akaketi kwenye meza ya cherehani, akamwandikia ubeti wote kwa mkono. Dada yake aliusoma, akasahihisha herufi mbili, akaenda posta kabla haijafungwa.