Ndugu wa Rais, Binti wa Adow

...ndugu hawatengwi na mpaka, amesema Rais, na msomaji wa habari anayarudia maneno hayo redioni kana kwamba ni aya, kwamba wakubwa watatu wa vita vya Mogadishu wamepokewa Ikulu, wameshikwa mikono, watapatanishwa, dunia nzima inamsifu Rais wetu mpenda amani, na hapa Garissa, katika chumba hiki kinachonuka jasho na wino, ndugu mmoja wa Rais amesimama pekupeku mbele ya meza yetu, anaitwa Timiro, na nje lori lenye turubai linangurumisha injini, likijaa linakwenda mpakani kuwamwaga watu kwenye risasi, na mimi ndiye mzee wa kamati, kazi yangu ni kumsikiliza mtu akihesabu baba zake mmoja mmoja kama tunavyohesabu sisi Wasomali, kisha nimwambie inspekta huyu ni wa Kenya au ni wa huko, kazi rahisi, chai inaletwa, nasaba haidanganyi, nilimwambia hivyo siku ya kwanza, mwongo mkubwa mimi... Timiro Adow Kadar Mahat Deeq, amesema, akaenda mpaka wa kumi bila kumeza mate, na kila jina baada ya Adow ni langu, Adow ni kaka yangu wa tumbo moja, alikufa kwa kiu njia ya Modogashe mwaka ule ng'ombe walipokwisha, na huyu ni binti yake...

"Kibande yangu ya kitambulisho ilishomeka na nyumba, bwana mkubwa. Mimi mtu ya Griftu. Uliza adeer huyu."

Adeer, baba mdogo, amelisema, nimemtazama inspekta, hata hakuinua kichwa, hapa kila mzee huitwa adeer, hata yeye wauza maziwa humwita hivyo.

"Mzee Nunow, huyu ni wetu ama ni wa huko?"

Ngoja kwanza, ngoja, orodha ya inspekta inasema ukoo wa Deeq ni wa ng'ambo, ila aliyedhaminiwa na mzee, karani gani aliandika sijui, sisi tumezikana Griftu, upande huu wa mpaka, babu kwa mjukuu, lakini karatasi ni karatasi, na mwaka ule wa msako wa kwanza nilipoiona sikubishana, nilijihesabia kwa Ahmednoor, mjomba aliyenilea, nikawa Nunow Ahmednoor, nikapewa kadi, nikapewa leseni ya duka, nikapewa kiti hiki, mwezi jana nikapakiwa basi pamoja na wazee wengine kwenda Nairobi kuwapigia makofi wageni wa Rais, nikala pilau, na mmoja wao, aliyemaliza mitaa mizima kwa mizinga, akanishika bega akaniita ndugu, nami nikafurahi, nilifurahi wallahi... naweza kusema huyu ni wetu, ulimi hauna mfupa, lakini sheria ya kamati tuliitunga wenyewe wazee, anayemdhamini mtu naye ahesabu baba zake mbele ya wote mpaka nasaba mbili zikutane, na yangu ya karatasi haikutani na yake mpaka kwa Nabii Adamu, ya kweli inakutana jina la pili tu, kwa Kadar, halafu lori lina nafasi ya wawili, na Saado mke wangu, na watoto, na duka... Rais ni rahisi kwake kuwa na ndugu, ndugu zake hulala hotelini, hawamwombi ila mkono na picha, wangu huyu ananitazama. Kwa nini ananitazama hivi? Angelia ningemhurumia, angenilaani ningepumua, anaijua siri yote, neno moja tu na mimi niko chini ya turubai, na halisemi, ananisitiri, nani alimtuma anisitiri, kwa hilo namchukia, ndiyo, namchukia mtoto wa Adow...

"Mzee hakusikia vizuri," inspekta anapiga miayo. "Rudia wewe. Ukikosa jina moja, lori."

Akosaye jina si mtu wa mahali, hiyo pia tuliitunga sisi, asipokosa swali linarudi kwangu, na ameshafumba macho, "Timiro Adow," anaanza, na ni mimi niliyemfundisha, ana miaka mitano, amekaa gotini pangu, kibuyu cha maziwa katikati yetu, akipatia jina anapata funda moja, akikosea nakunywa mimi, "Kadar," na nilikuwa sinywi kitu, mtoto mroho wa maziwa yule, hakosei, "Mahat," sauti ile ile, inspekta anafuatisha kwa kalamu, na naona midomo yangu inatembea, kumbe inatembea tangu alipoanza, nilidhani nayataja majina pamoja naye, nilidhani namsaidia, hapana, ninaomba dua, ninaomba kwa moyo wote kuliko nilivyowahi kuomba mvua, Ya Rabbi, msahaulishe.