Vijiwe vya Mama Dieudonnée

"Miye, Wamaza muzima, hakuna mwanamuke anachambua muchele kama miye," Mama Dieudonnée aliwaambia wenzake kwenye benchi la hospitali, Kasongo. Akainua vidole viwili. "Bwana yangu alivunjika meno mbili tu."

Benchi likacheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa ameshuka kwenye pikipiki asubuhi ile, makalio yamekufa ganzi, kwa sababu ya nukta nyeupe ambazo mashine ya picha za matiti ilizionyesha mwezi uliopita, titi la kushoto. Leo ameitiwa picha ya pili, ya kukuza. Pikipiki ingerudi Wamaza saa tisa, na safari nyingine ilikuwa Mungu anajua lini.

Laetitia, fundi wa picha, alikwisha kumpima kwa eko, kile chombo kidogo cha betri kinachopima kwa mawimbi ya sauti, cha kupakwa mafuta baridi. Hakuona kitu. Gérard, mkubwa wa ofisi, akasimama mlangoni mwa chumba cha kupimia, bilauri mkononi.

"Eko imesema hakuna kitu. Andika vile, mama aende."

"Siandike." Laetitia akainua ile picha ya mwezi uliopita dirishani. "Mama, angalia. Nukta zimejikusanya pahali pamoja. Ukitia mukono mu muchele, unapata nini?"

"Jiwe kubwa."

"Na muchanga?"

"Ule ni kutandaza ku jua, utumie macho."

"Basi eko ni mukono. Inajua bonge, inajua maji. Muchanga unaiponyoka. Mashine kubwa ndiyo jua. Nikikuza, nitaona kama ni za duara tu, ao zimevunjika-vunjika. Zikivunjika, tunakata kanyama kadogo, tunapima."

Dieudonnée alimtazama binti huyo, koti lenye viraka viwili, akibishana na mkubwa wake kwa ajili ya titi la mkulima. Huyu, akawaza, angekuwa mke wa mwanangu, meno ya watu yangepona.

"Mashine kubwa inaomba jenereta," Gérard alisema, "na mazutu iliisha tangu juzi. Juzi! Hospitali muzima hakuna umeme, hata simu yangu imekufa."

Maneno mengi yalimkausha koo. Akainua bilauri, akanywa. Ndani yake kitu kikagonga kioo.

Dieudonnée akainuka, akasogea, akachungulia bilauri jicho moja limefumbwa, kama anayetafuta kijiwe kwenye ungo.

"Mwanangu," akauliza, "hii barafu uliivuna ku shamba gani?"