Kioo Kilichofukizwa Udi

Kwa mamlaka niliyonayo kama Waziri wa Amani wa bweni la wasichana, natangaza kwamba siku ya wageni ilipita salama. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, na siku haikupita salama.

Mimi ni Nihal. Tangu kidato cha kwanza Rahila hulala kitanda cha juu, mimi cha chini. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, bendera za vyama zimejaa mpaka mtaani Wawi, lakini bwenini habari ilikuwa moja tu: kioo cha Rahila. Wageni kutoka Unguja walikuwa wanakuja kukiona. Kikifaulu, wanamchukua akasome shuleni kwao.

Kioo chenyewe hakizidi kipande cha biskuti. Mwalimu wetu, Bi Hamdiya, alimwaga juu ya maji vijidonge vya plastiki ambavyo jicho haliwezi kuviona, vikajipanga vyenyewe bega kwa bega. Rahila akaviopoa kwa kioo, pumzi kaibana. Kikapelekwa Dar es Salaam, kikafukizwa mvuke wa dhahabu ndani ya mashine. Vijidonge vilipoondolewa, palipokuwa na mianya zikabaki chembe za dhahabu za pembetatu. Chochote kikizigusa, mwanga unaopita hubadilika rangi. Mafuta safi ya karafuu huibadilisha hivi, yaliyochakachuliwa vile.

Asubuhi hiyo sikutulia. Nilitandika kitanda, nikakitandua, nikakitandika tena.

"Nihal, una wadudu?" Rahila aliuliza.

"Nina majukumu ya kitaifa."

Bi Hamdiya akanipa chetezo cha udi. "Fukiza ukumbi, wageni wakute harufu nzuri. Maabara usiingie."

Niliingia. Nilijiambia: kioo kimeshafukizwa dhahabu na hakikulalamika, udi utakidhuru nini? Nikakishika pembeni kwa kidole gumba, nikakiweka juu ya moshi mpaka macho yakaniwasha.

Wageni walipokaa, Rahila aliweka kioo mbele ya taa. Hata tone la mafuta hajadondosha, mstari unaoonyesha rangi ya mwanga kwenye kompyuta ulikuwa umeshahama mahali pake. Akafuta lenzi, akajaribu tena. Palepale.

"Labda kifaa hakijakomaa," mgeni mmoja alisema, akaanza kufunga mkoba.

Rahila akamwomba asubiri kidogo. Miguu yangu ikataka kwenda chooni, sokoni, kisiwani Fundo, popote.

Bi Hamdiya alikinusa kioo. Kisha akakiinua dirishani. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba, rangi yake mbali na kioo kizima, imekatwa katikati na mstari wa kovu.

"Dhahabu hii haifichi mtu," alisema taratibu. "Nani ana kovu la kidole?"

Nikauzamisha mkono ndani ya mtandio. Rahila hakuhitaji kuuona. Siku mbuzi ya nazi iliponikata, yeye ndiye aliyenifunga kidonda kwa leso yake.

"Nihal," alisema. "Toa mkono."

Nikautoa.

"Kwani nimekukosea nini weye?"

Nilikuwa na hotuba tayari, yenye vifungu. Yote ikayeyuka.

"Ni miye, Bi Hamdiya. Kioo chake kizima, hakina kasoro. Nimekifukiza udi makusudi, kigome mbele ya wageni." Nikamgeukia Rahila. "Ukienda Unguja, kitanda cha juu atalala nani?"