Mguu wa Mama Tanuri

Mama Tanuri alivunjika mguu mchana kweupe, kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Alikuwa amekataza mtu mwingine asiiguse, kwa kuwa hakuna aliyejua kukamua tambara kama yeye. Aliteleza, akaangukia magunia ya unga, na mguu ukakunjika mahali ambapo miguu haikunjiki. Walipomwinua alikuwa mweupe pepepe kwa unga tangu kichwani hadi miguuni, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Itazameni mikate, isiungue."

Daktari alimfunga plasta, akamwamuru akae kitandani mpaka mfupa uunge. Duka la mikate lilikuwa chini, chumba chake juu. Tanuri likabaki mikononi mwa mkamwana wake, mke wa mwanawe, mwanamke mpole wa maneno machache, ambaye tangu aolewe alikuwa akiruhusiwa kufunga mikate kwenye karatasi tu.

Wageni wakaanza kumiminika, na kila mgeni alipanda ngazi na sababu yake.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mtu wa sala asubuhi na jioni, aliketi ukingoni mwa kitanda. "Huu ni mtihani, wifi yangu. Mungu humjaribu ampendaye."

"Basi apende na wengine," Mama Tanuri akajibu.

Jirani yake, fundi cherehani, alifunga mlango kwanza ndipo akanong'ona kwamba hilo lilikuwa jicho la watu. Duka linajaa kila siku, wenye kijicho wanakonda.

"Sakafu ilikuwa na maji, shoga."

"Na hayo maji aliyamwaga nani?"

"Mimi."

Jirani akafikiri kidogo, akasema husuda ina njia nyingi.

Wa mwisho alikuwa mdogo wake wa kiume, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Falsafa kwa vile alivyopenda vitabu vya mambo ya roho. Huyu hakuleta matunda. Alileta mawazo.

"Dada, kuumia ni jambo moja, kuteseka ni jambo jingine," alisema. "Mwili huumizwa na sakafu. Moyo huteswa na kung'ang'ania. Ukikifumbia ngumi kitu kinachotaka kwenda zake, ngumi ndiyo itakayokuuma."

"Mimi sijafumba ngumi. Nimevunjika mguu."

Falsafa alitabasamu kwa upole wa mtu anayejua, akaaga. Kufika chini hakuuona mwavuli wake, na alisikika akigomba mpaka ng'ambo ya barabara. Mama Tanuri alicheka peke yake. Kumbe naye anazo ngumi.

Mguu, kusema kweli, haukuchukua muda kutulia. Lakini mwenyewe hakutulia. Harufu ya mkate ilipanda kupitia mbao za sakafu, na vicheko vya wateja vikaifuata. Kila asubuhi mkamwana alipomletea chai, maswali yalikuwa yale yale.

"Unga umeumuka?"

"Umeumuka, mama."

"Hakuna aliyelalamika?"

"Hakuna, mama."

Na kila jibu lilimchoma kama sindano. Kisha mteja wa zamani, kinyozi, akapanda kumjulia hali. "Usiwe na haraka ya kupona, mama," alisema kwa nia njema kabisa. "Mkweo ana mkono. Mkate wa siku hizi laini kama pamba."

Mama Tanuri alimshukuru, akageukia ukutani. Jioni hiyo hakula. Alisema plasta inabana, akaletewa daktari, naye akaigonga huku na huku. "Inabana wapi hasa?" Akaonyesha goti. Kisha kifundo. Kisha hapakuwa tena na mahali pa kuonyesha.

Kesho yake wifi alikuja waombe pamoja. "Taja haja yako kwa sauti," alimwambia, akafumba macho.

Mama Tanuri akafungua kinywa, na haja iliyokuwa ulimini, tayari kutoka, ilikuwa hii: Ee Mungu, leo unga usiumuke.

Aliinasa kwenye meno. Akatulia akiitazama, jinsi mtu anavyomtazama panya aliyemkuta kabatini. Kwa hiyo hili ndilo alilokuwa akiliomba siku zote hizo, duka lake mwenyewe lianguke, mradi aonekane kwamba bila yeye haliendi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikalia, na wifi, macho wazi sasa, akadhani homa imepanda kichwani.

"Niitie Falsafa," alisema akifuta machozi. "Na uniitie mkwe wangu, aje na mkate."

Falsafa alifika akihema. "Mdogo wangu, ulisema kweli," dada yake alimwambia. "Ila nilikuwa naitafuta hiyo ngumi mguuni. Kumbe iko kwenye tanuri."

Mkamwana aliingia na mkate wa moto. Mama Tanuri akaumega, akatafuna polepole. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Si kwa mbali, lakini kuliko wake.

"Umetia nini?"

"Sijatia kitu, mama. Nauacha uumuke zaidi. Wewe una haraka."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Nilikuwa nafunga karatasi, mama."

Falsafa alitazama dari. Mama Tanuri akaumega tena, akavuta pumzi. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuwa nikikuombea uharibikiwe."

Mkamwana akawaza. "Kuna siku mkate uliungua kweli," akasema. "Tuliula wenyewe, na mwanao hakuona tofauti." Safari hii walicheka wote.

Mfupa uliunga. Mama Tanuri alirudi dukani kwa magongo, akakaa kaunta, na kumbe alikuwa hodari wa kuzungumza na wateja, jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kuligundua. Hakugeuka malaika. Siku nyingine mkono ulijiendea wenyewe kwenye unga. Mkamwana akikohoa, unarudi kwenye mfuko wa aproni.

Wifi alisema mgonjwa amefaulu mtihani. Jirani alisema jicho limegeukia kwingine. Mama Tanuri hakubishana na yeyote, maana wote walikuwa wamepanda ngazi kumwona. Na asubuhi, sasa ambapo hana haja ya kuwahi tanuri, hulala mpaka jua limjie kitandani. Chumba chake kina ukuta wa kijani, aliupaka mwenyewe zamani. Hata siku za plasta, akili ikiwa dukani, hakuona kwamba saa hiyo huwa unang'aa.