Saa Nane ya Simu

Bati la mwisho liling'oka kwa mlio wa kukwaruza, na mwanga wa asubuhi ukamwangukia mama kitandani.

"Haya, leo nimelala uwanjani," alisema, akiukunja uso. "Mngeniamsha mapema nihesabu nyota."

Hakuna aliyecheka. Mwanawe, fundi wa mapaa aliyejulikana mtaani kwa jina la Havuji, alikuwa amepanda juu ya mbao za kenchi, nyundo mkononi. Jina hilo alilipata kwa kazi yake safi, na kwa mwezi mzima sasa lilikuwa likimchoma. Kinyozi hajinyoi: paa la mamake lilivuja, maji yakatanda sakafuni, mama akateleza akavunjika nyonga. Daktari alimruhusu arudi nyumbani kwa masharti mawili. Asisogezwe, yeye wala kitanda chake, kwa wiki sita, na kifua chake, kilichoanza kukoroma hospitalini, kisiguswe na baridi wala unyevu. Paa jipya lingeezekwa hapo hapo juu ya kichwa chake, na siku kavu ilikuwa lazima.

Kuichagua siku hiyo ndiko kulikozua ugomvi jioni iliyopita.

"Programu yangu inaonyesha mvua asubuhi," dada yake alisema, akimsogezea simu yenye maandishi ya lugha ngeni.

"Yako haijui hata salamu. Sikiliza hii." Havuji alisoma yake kwa sauti, kama anayesoma barua ya mjomba. "Kesho: jua alfajiri. Mvua kubwa saa 8. Umesikia? Kiswahili kitupu. Saa nane ikifika, sisi tumeshanawa mikono."

"Lakini hazipatani, kaka. Tungoje hata siku moja."

"Tungoje paa limwangukie?"

Kwa kweli hakuwa akipima programu ipi ni sahihi. Alitaka ile iliyompa ruhusa. Kila siku ambayo bati lile bovu lilibaki juu ya mama ilikuwa siku ya aibu kwake, na aibu haina subira.

Sasa ilikuwa saa moja na nusu. Dada alikaa kando ya kitanda, akaazima simu ya kaka yake aone mvua itakoma saa ngapi. Alipitisha kidole kwenye kioo, akasita.

"Kaka, saa kumi na tatu ni saa ngapi?"

"Nini?"

"Imeandikwa hapa. Saa nane mvua kubwa, saa tisa mvua, saa kumi mvua, kumi na moja manyunyu, kumi na mbili mawingu. Saa kumi na tatu, jua. Ndiyo ipi hiyo?"

Havuji aliishusha nyundo. Saa za lugha ngeni angezigeuza kichwani bila hata kufikiri, kama alivyofanya maisha yake yote. Ila hii ilikuja imevaa nguo za nyumbani, naye akaifungulia mlango. Aliyeitafsiri alitafsiri maneno, akaziacha saa zilivyokuwa. Saa nane ya simu ilikuwa saa mbili asubuhi. Programu zote mbili zilikuwa zimesema neno moja, na wao wakagombana jioni nzima.

Aliinua macho. Wingu jeusi lilikuwa limekalia mapaa ya jirani. Aliliona tangu alipopanda ngazi, akalipuuza kwa sababu simu ilishasema.

"Shemeji! Rudisha mabati!"

Mume wa dada yake alimkodolea macho kutoka uani. "Yapi? Mapya yanaletwa saa tatu."

"Ya zamani! Hayo hayo!"

"Yana matundu, bwana!"

"Afadhali tundu kuliko mbingu nzima!"

"Turubai je?" dada aliuliza kutoka chini.

Havuji aliinama kupokea bati la kwanza. "Nimeliacha kazini," alisema. "Niliona halina haja."

 Dada alikimbia sebuleni, akalivuta kitambaa cha plastiki mezani na kumfunika mama hadi kidevuni. Juu, bati likapokewa baada ya bati. Upepo ulifika kabla ya misumari. Bati la katikati lilijiinua kama kifuniko cha sufuria, na Havuji akalilalia kifudifudi, mikono na miguu ameitanua. Shemeji akalilalia la upande wa miguuni.

Kati ya kifua chake na cha mama kulikuwa na bati moja lenye kutu. Kwenye tundu la msumari aliona jicho la mama, wazi, likimtazama.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Saa ngapi sasa?"

"Mbili kasoro dakika tano."

"Ya simu, au ya kwetu?"

Dada alicheka huku akiishikilia plastiki. Havuji aliusogeza mdomo karibu na tundu.

"Ya kwetu, mama."

Tone la kwanza lilimpiga kisogoni. Akaliziba tundu kwa kiganja.